Sare ya Kadeti na Kilichomo Darasani: Wanafunzi wa Sekondari za Marekani Husoma Nini katika JROTC

Jina lenyewe ndilo fundo la kwanza. Herufi JROTC, zikifasiriwa neno kwa neno, hutoa kitu kama "Kikosi cha Mafunzo ya Maafisa wa Akiba, Daraja la Vijana", na mzazi anayeletewa fomu yenye maneno hayo ana kila haki ya kuuliza mwanawe anapelekwa wapi. Niliwahi kukaa katikati ya mazungumzo ya namna hiyo nikiwa mkalimani, katika shule ya sekondari ambayo familia zake nyingi zilitoka Kivu. Mshauri wa wanafunzi alimwonyesha mama mmoja picha ya vijana waliovaa sare, wamesimama mguu sawa, akidhani picha hiyo ingemtia fahari. Mama aliitazama, akaigeuza kifudifudi juu ya meza, akasema neno moja tu: kadogo. Mshauri hakujua kwamba kadogo ni jina walilopewa watoto waliobebeshwa bunduki katika vita vya Kongo vilivyoanza 1996, wala mama hakuwa na namna ya kujua kwamba huenda vijana wale wa pichani walikuwa wametoka kwenye kipindi cha kuandika wasifu wa kuombea kazi. Baada ya kimya kirefu mama aliuliza maswali matatu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo maswali halisi ya mada hii yote: mtoto huyu anasoma nini humo, atapewa bunduki, na akikataa itakuwaje?

Kosa la kuisoma sare badala ya ratiba si la Mkongo peke yake. Mtanzania huwaza JKT, yaani Jeshi la Kujenga Taifa, Mkenya huwaza NYS, yaani huduma ya vijana ya taifa, na wote wawili hupotea njia, kwa kuwa taasisi hizo humchukua kijana aliyekwisha kumaliza shule na kumweka kambini. Kadeti wa Marekani hulala kwao, hupanda basi la shule asubuhi, huingia kwenye somo la aljebra, na kengele ikilia huenda kwenye chumba cha kadeti kama ambavyo angekwenda maabara. JROTC ni somo. Lina kipindi chake, vitabu vyake, majaribio na alama zinazoingia kwenye cheti cha mwanafunzi, na wanaolisoma ni wa darasa la tisa hadi la kumi na mbili, yaani vijana wa miaka 14 hadi 18 hivi. Shule zenye somo hili zinakaribia 3,500, na wanafunzi wake ni kama nusu milioni.

Jina la kutisha limebaki kutokana na historia. Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya 1916 wakati Ulaya ilikuwa inawaka moto na Marekani ilihofu kwamba ingeingia vitani bila maafisa wa kutosha. Sheria hiyo ndiyo iliyoziruhusu shule za sekondari kuwa na vikosi vya kadeti chini ya Jeshi la Nchi Kavu. Mwaka 1964 sheria nyingine iliongeza idadi ya vikosi na kuyapa majeshi mengine nafasi sawa. Kadiri miaka ilivyopita lengo lilihama. Sheria ya sasa inasema shabaha ya programu ni kumjengea mwanafunzi maadili ya uraia, utumishi kwa nchi, wajibu binafsi na hisia ya kufanikisha jambo, na Jeshi la Nchi Kavu huifupisha dhamira hiyo kwa kusema linawahamasisha vijana kuwa raia bora. Hakuna anayemaliza somo hili akiwa afisa wa akiba. Dukani bidhaa zimebadilishwa, lakini kibao cha mlangoni ni kilekile.

Walimu wake wengi ni wanajeshi wastaafu, kwa kawaida afisa mmoja na askari mmoja mwenye cheo cha usajenti cha juu, ambao hupata kibali cha kufundisha kutoka jeshini na ambao mshahara wao kwa desturi hubebwa na shule na jeshi kwa pamoja. Wanafunzi huwaita kwa vyeo vyao, "Kanali" au "Sajenti Meja", hata pale ambapo mzazi angesema tu "Mwalimu". Shule inayotaka kikosi hutia saini makubaliano na jeshi husika, hutoa vyumba na stoo ya kufungwa, na hutakiwa kuwa na kadeti wasiopungua 100 au asilimia 10 ya wanafunzi wake, kiwango chochote kilicho cha chini kati ya hivyo viwili. Kanuni hiyo ya idadi msomaji aiweke akilini, maana italeta maneno mbele.

Basi wanasoma nini? Nitaanza na Jeshi la Nchi Kavu, kwa kuwa ndilo lenye takriban nusu ya vikosi vyote. Mtaala wake umegawanywa katika madaraja manne, moja kwa kila mwaka, na mada zake hujirudia kila mwaka kwa kina kinachoongezeka: uongozi, stadi za kujitegemea, afya na huduma ya kwanza, jiografia na ramani, uraia na historia ya serikali ya Marekani. Mwaka wa kwanza humshughulikia mwanafunzi mwenyewe. Hujifunza kuandika muhtasari anapomsikiliza mwalimu, kupanga juma lake, kusimama mbele ya wenzake na kuzungumza kwa dakika chache bila kujificha nyuma ya karatasi. Kwa miaka mingi wamekuwa wakifanyishwa pia zoezi la kutambua tabia kwa rangi nne, ambamo mwenye kupenda utaratibu huitwa kahawia, mwenye kupenda mipango kijani, mwenye kupenda watu buluu, na mwenye kupenda vituko nyekundu. Binafsi sina imani kubwa na vipimo vya namna hiyo, na sidhani kwamba kijana wa miaka 14 anafaa kuambiwa yeye ni rangi gani. Lakini nimeona kwamba mjadala unaofuata baada ya zoezi, ambamo watoto waliokuwa hawasemezani hueleza kwa nini kazi ya kikundi huwaudhi, una manufaa kuliko zoezi lenyewe.

Huohuo mwaka wa kwanza ndio wa sare na kwata. Kwa kawaida sare huvaliwa siku moja kwa juma, kutwa nzima, na siku hiyo kuna ukaguzi. Kiongozi wa sekisheni, ambaye huenda ana miaka 16, hupita mbele ya kila mmoja akiwa na fomu mkononi. Hutazama kama ukingo wa shati, ukingo wa kifungo cha mkanda na zipu ya suruali vimekaa katika mstari mmoja ulionyooka kutoka kifuani hadi chini. Hutazama kama utepe wa nishani umeketi juu ya mfuko wa kushoto kwa umbali wa sehemu ya nane ya inchi. Hugusa uzi unaoning'inia, huuliza swali moja la maarifa, labda majina ya viongozi wa kikosi kuanzia Rais kushuka hadi kwa kamanda wa kombania, kisha huandika alama na kusogea hatua moja kwa aliye jirani. Mtu wa nje huona michezo ya kuigiza. Kwa aliye ndani, jambo kubwa linalotendeka hapo ni kwamba mtoto mmoja anajifunza kumwambia mwenzake, ambaye huenda ni rafiki yake wa kula naye chakula cha mchana, kwamba viatu vyake havikung'arishwa, na kulisema hilo bila kumtusi wala kumficha; na ugumu wa jambo hilo unajulikana na kila aliyewahi kuwa kiranja.

Kwata yenyewe ina elimu iliyofichwa ndani yake. Hatua ya kawaida ni inchi 30, na mwendo ni hatua 120 kwa dakika, mguu wa kushoto ukitangulia. Amri nyingi za kutembea zina sehemu mbili, ya kuandaa na ya kutenda, kama zilivyo kwetu: "Mbele" humwambia askari kitakachokuja, "tembea" humwambia sasa. Kadeti anayeongoza platuni lazima atamke sehemu zote mbili mguu wa upande unaokusudiwa unapogusa ardhi. Akitaka wageuke kulia wakiwa wanatembea, neno la kutenda lidondoke pamoja na mguu wa kulia. Akichelewa kwa nusu hatua, safu ya mbele hugeuka na ya nyuma huendelea, na vijana 30 hugongana mbele ya macho yake. Kwa hiyo humlazimu kuwaza hatua mbili mbele ya kundi analoliongoza, sauti ikitoka tumboni, huku uzio wa uwanja ukizidi kukaribia. Sijaona zoezi jingine la shule ambalo humwonyesha kiongozi chipukizi kosa lake haraka kiasi hicho.

Mdundo huohuo hurudi mahali pasipotarajiwa. Katika mafunzo ya huduma ya kwanza, kadeti hufundishwa kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, mikono imenyooka, katikati ya kifua, kwa kina cha sentimita tano hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Vijana waliokwisha kutembea mwendo wa 120 miezi kadhaa hawahitaji kuhesabu kwa shida. Hufundishwa pia kuzuia damu, kufunga gango kwenye mfupa uliovunjika, kumtambua mtu aliyezidiwa na joto na aliyezidiwa na baridi, na zaidi ya yote kuangalia kwanza kama mahali penyewe ni salama kabla ya kumkimbilia majeruhi.

Somo la ramani ndilo ninalolipenda zaidi, na msomaji aliyefanya jiografia ya kidato cha nne atajiona nyumbani. Ramani inayotumika sana jeshini ni ya kipimo cha 1:50,000, ambamo mraba mmoja wa gridi ni kilomita moja kila upande, na kanuni ya kusoma gridi ni ileile ya kwetu: kwanza kwenda kulia, kisha kupanda juu. Kadeti hujifunza kuisoma mistari ya kontua hadi aone mlima kwenye karatasi bapa, hutofautisha mteremko mkali ambako mistari imesongamana na tambarare ambako imeachana, na hukutana na jambo linalowachanganya hata watu wazima, kwamba kaskazini ziko tatu: ya kweli inayoelekea ncha ya dunia, ya gridi inayofuata mistari ya ramani, na ya sumaku inayofuatwa na sindano ya dira. Tofauti kati ya hizo mbili za mwisho ikipuuzwa, mtu hujikuta mamia ya mita kutoka mahali alipokusudia. Kisha hutolewa nje. Kila mmoja hutembea mita 100 zilizopimwa akihesabu ni mara ngapi mguu wa kushoto unagusa chini. Namba hiyo, ambayo kwa wengi huwa kati ya 60 na 70, ndiyo rula yake ya porini. Mrefu na mfupi hawana namba moja, na anayeazima ya mwenzake hupotea. Mwisho wa kipindi kundi huachwa kwenye msitu au bustani kubwa likiwa na dira, ramani na orodha ya vituo vya kutafuta, na hapo ndipo kijana mkimya ambaye hakuwahi kunyoosha mkono darasani hugunduliwa kuwa ndiye anayejua njia.

Uraia nao una uzito wake. Katiba iliyoandikwa 1787, marekebisho 10 ya kwanza yaliyoidhinishwa 1791, mgawanyo wa madaraka kati ya Bunge, Rais na Mahakama, na adabu za bendera, kuanzia saa za kuipandisha hadi namna ya kuikunja mara 13 iwe pembetatu, yote hufundishwa. Hapa ndipo wakosoaji wenye hoja nzuri huingilia kati. Vitabu hivi huandaliwa chini ya usimamizi wa jeshi, nje ya utaratibu ambao vitabu vya historia vya kawaida hupitia kwenye majimbo, na mtu anaweza kuuliza kwa haki kama taasisi iliyopigana vita fulani ndiyo inayofaa kumsimulia mtoto habari za vita hiyo. Mzazi mwenye wasiwasi afungue kitabu cha mwanawe. Kusoma sura mbili humweleza mengi kuliko hotuba ya mkutano wa shule.

Kadiri miaka inavyosogea, mwanafunzi huacha kuwa mfundishwaji pekee. Mwaka wa pili hutakiwa kuandaa somo fupi na kuwafundisha wa mwaka wa kwanza. Mwaka wa tatu huongezewa usimamizi, usuluhishi wa ugomvi, na mambo ya fedha kama bajeti, mkopo, riba na bima, ambayo kwa maoni yangu yangestahili kufundishwa kila mwanafunzi, awe na sare au asiwe nayo. Mpangilio hubadilika kila mtaala unapoandikwa upya, kwa hiyo shule mbili zinaweza kutofautiana, lakini mwelekeo ni mmoja, nao huishia kwenye kile ambacho mwaka wa nne huleta: kikosi huendeshwa na wanafunzi wenyewe.

Hilo si maneno ya matangazo tu. Kikosi kikubwa hupangwa kama batalioni yenye kombania, platuni na sekisheni, na juu yake hukaa kamanda, ambaye ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mwenye cheo cha kadeti luteni kanali au kanali. Chini yake kuna ofisi ambazo jeshi huziita kwa herufi na namba. S-1 hutunza majalada ya wanafunzi, vyeo na tuzo. S-2 hushughulikia usalama. S-3 hupanga mafunzo na ratiba. S-4 hutunza sare na vifaa. S-5 huandika habari, hupiga picha na kuongea na jamii. Chakula cha jioni cha kuwakaribisha wazazi, gwaride la mjini Siku ya Mashujaa Wastaafu inayoadhimishwa 11 Novemba, safari ya kusafisha mto, kila kimoja huanza na kikao ambacho S-3 hueleza mpango, S-4 husema vifaa gani havitoshi, na kamanda huamua. Wanaotaka kupandishwa cheo huketi mbele ya jopo la wenzao na kuhojiwa. Wakaguzi wa jeshi wanapokuja kukipima kikosi, anayesimama kuwasilisha taarifa ya kazi ya mwaka ni kadeti, na sehemu ya alama hutokana na jinsi anavyojibu maswali.

Majeshi mengine yana ladha zao. Jeshi la Majini hufundisha historia ya bahari, hali ya hewa, elimu ya nyota na sayari, elimu ya bahari na sheria za kijeshi, chini ya jina la sayansi ya majini. Jeshi la Anga huigawa programu yake katika sayansi ya anga, uongozi, na afya ya mwili. Humo mwanafunzi husoma historia ya usafiri wa ndege, kisha nguvu nne zinazoshindana juu ya ndege, yaani nguvu ya kunyanyua, uzito, msukumo na ukinzani, na baadaye anga za juu. Tangu 2018 limekuwa na mpango wa kiangazi ambao huwapeleka kadeti wachache waliochaguliwa kwenye vyuo vya urubani kwa majuma kadhaa ili watafute leseni ya rubani binafsi. Mwaka 2021 vikosi 10 vya Jeshi la Anga viligeuzwa kuwa vya Jeshi la Anga za Juu. Wanamaji wa nchi kavu, ambao Wamarekani huwaita Marines, hukazia zaidi nidhamu, uraia na utumishi wa umma.

Swali la pili la mama lilikuwa bunduki, nalo linastahili jibu la wazi. Darasani hakuna mafunzo ya kupigana wala silaha za vita. Kuna bunduki za kwata ambazo haziwezi kufyatua risasi, zinazotumika kwenye maonyesho na kwenye kundi la kubeba bendera, ambalo kwa kawaida huwa na watu wanne, wawili wenye bendera na wawili walinzi. Kisha, katika shule nyingi, kuna timu ya kulenga shabaha kwa bunduki ya upepo ya milimita 4.5, kwa umbali wa mita 10, katika mikao mitatu: kulala, kusimama na kupiga goti. Doa la alama 10 lina upana wa nusu milimita. Kabla ya kugusa bunduki hiyo mwanafunzi hufanya mtihani wa usalama ambao alama yake ya kufaulu ni mia kwa mia, na baada ya mazoezi hunawa mikono vizuri kwa sababu ya madini ya risasi. Ni mchezo wa pumzi na utulivu, na upo kwenye Olimpiki. Hata hivyo siwezi kusema kwamba wasiwasi wa mzazi hauna msingi. Februari 2018, katika mauaji ya shule ya Marjory Stoneman Douglas huko Florida, muuaji alikuwa amewahi kuwa kadeti na mwanachama wa timu kama hiyo, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo kadeti watatu, mmoja wao akiwa amevaa sare yake huku akiushikilia mlango ili wenzake watoke. Tukio hilo moja hutumiwa na pande zote mbili za ubishi, na sioni kwamba linamaliza ubishi wa upande wowote. Kwa anayeuliza juu ya mtoto wake, la muhimu ni kwamba timu ya shabaha ni ya hiari ndani ya somo, na mtu anaweza kumaliza miaka minne bila kuikaribia. Wapo wanaochagua badala yake mashindano ya maarifa, ulinzi wa kompyuta, au timu ya kutumia nguvu na mbio, ambayo huvuka daraja la kamba moja na kubeba machela yenye mzigo juu ya vilima.

Swali la tatu, la hiari, ndilo gumu kuliko yote. Rasmi, kadeti hana deni lolote kwa jeshi: halipwi, hali kiapo cha utumishi, na akimaliza shule anaweza kwenda chuoni, kazini au popote. Anayeamua kujiunga na jeshi baada ya miaka mitatu hivi ya somo hili anaweza kuanza na daraja la malipo la juu zaidi, hadi E-3 badala ya E-1, na hiyo ni fedha halisi kila mwezi. Wizara ya Ulinzi husema huu si mpango wa kuandikisha askari. Lakini mwaka 2000 Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, William Cohen, aliiambia kamati ya Bunge kwamba programu hii ni miongoni mwa njia bora za kupata askari ambazo jeshi lingeweza kuwa nazo. Kauli zote mbili ni za kweli kwa namna yake: haimwandikishi mtu, ila humzoeza.

Na wanaozoezwa hawajatawanyika sawasawa. Mwaka 1992, baada ya ghasia za Los Angeles, Jenerali Colin Powell, aliyekuwa mkuu wa jopo la wakuu wa majeshi na ambaye mwenyewe aliingia jeshini kupitia mafunzo ya maafisa chuoni, alihimiza vikosi viongezwe, hasa katika shule za mijini, na Bunge likapandisha ukomo wa idadi yake kutoka 1,600 hadi 3,500. Ndiyo sababu familia ya wahamiaji inayokaa kwenye mtaa wa kodi nafuu ina uwezekano mkubwa kuliko tajiri wa viungani wa kukuta chumba cha kadeti katika shule ya mtaa wake. Hapo ile kanuni ya kadeti 100 hurudi. Shule inayohofia kupoteza kikosi ina kishawishi cha kujaza viti. Mwaka 2022 mkaguzi mkuu wa shule za Chicago alieleza jinsi baadhi ya shule zilivyowaingiza wanafunzi wote, au karibu wote, wa darasa la tisa katika somo hili moja kwa moja, na mwaka huohuo gazeti la The New York Times liliandika habari za maelfu ya wanafunzi walioandikishwa kwa mtindo huo katika miji mingine pia. Gazeti hilohilo liliripoti kwamba walimu wa programu hii wasiopungua 33 walikuwa wameshtakiwa kwa makosa ya kingono dhidi ya wanafunzi katika kipindi cha miaka mitano. Hiari ambayo mzazi hakuambiwa kwamba anayo si hiari.

Kwa hiyo yule mama, baada ya kueleweshwa, hakukataa wala hakukubali. Aliomba kujua mambo mawili ambayo ningemshauri kila mzazi ayaulize: somo hili linachukua nafasi ya somo gani katika ratiba, na mwisho wa mwanafunzi kubadilisha somo ni lini. Jibu la kwanza hutofautiana. Texas, kwa mfano, huruhusu JROTC ihesabiwe badala ya elimu ya viungo. Kwingine huhesabiwa kama somo la kuchagua tu, na mtoto anayehitaji mwaka mmoja zaidi wa Kiingereza au sayansi anaweza kujikuta amekosa nafasi. Jibu la pili huwa ni tarehe, na mshauri wa wanafunzi anayo.

Mwanawe aliingia. Nilirudi shuleni hapo Mei, kwa shughuli nyingine, nikakuta foleni nje ya stoo ya kikosi. Sare ni mali ya serikali, hutolewa bure na hurudishwa mwisho wa mwaka, na ofisi ya S-4 ilikuwa ikipokea: koti, suruali, shati, kofia, mkanda na kifungo chake cha shaba, kila kitu kwa tiki yake kwenye fomu. Nyuma ya meza alikaa kijana huyo wa Kivu, mwaka wa kwanza, msaidizi wa msaidizi. Mbele yake alikuwa kamanda wa batalioni, kadeti kanali, aliyekuwa amebakiza siku chache kuhitimu. Kijana alikagua vitu vyake kimoja kimoja, akafika kwenye mkanda, akaugeuza huku na huku, akamwambia kwa heshima zote kwamba kifungo hakipo na fomu haiwezi kutiwa saini. Kanali alianza kusema neno, akaacha, akakusanya vitu vyake, akaenda nyumbani kukitafuta.